Mbuyu Ulioachwa Shambani

Udongo wa Ugogo ni mwekundu, lakini ukiweka filta nyekundu mbele ya lenzi na mkanda wa nyeusi na nyeupe ndani ya kamera, udongo huo hutoka mweupe pichani. Filta hiyo hupitisha mwanga mwekundu na kuuzuia wa buluu. Kilicho chekundu huufikia mkanda kwa wingi, kikang'aa. Anga ya buluu hunyimwa mwanga, ikatoka nyeusi. Mawingu, ambayo yana rangi zote ndani yake, hubaki na weupe wao. Ndiyo maana alasiri ya Novemba, mawingu ya kwanza yanapojikusanya juu ya Dodoma na mvua bado haijashuka, shamba lililofyekwa linaweza kukupa picha yenye ardhi nyeupe na anga la giza, na kati yao mbuyu mmoja usio na jani hata moja. Picha hiyo ndiyo iliyonitoa Dar es Salaam.

Mti mmoja uliosimama peke yake ni mada kongwe kwa wapiga picha wa mandhari. Ansel Adams aliupiga mwaloni wa Yosemite ukiwa katikati ya theluji, mwaka 1948. Mwingereza Michael Kenna alirudi tena na tena kando ya ziwa Kussharo, kisiwani Hokkaido nchini Japani, kupiga mti mmoja ulioinamia maji, na picha zake zikawafanya wengine wafunge safari kwenda kuutazama. Mwaka 2009 mti ule ulikatwa. Katika kisiwa hichohicho, huko Biei, palikuwa na mti mwingine ulioinama kando ya shamba, watu wakauita Mti wa Mwanafalsafa. Mwaka 2016 mwenye shamba aliuangusha. Ulikuwa umezeeka na kuugua, na wageni wenye kamera walikuwa wakimwingilia shambani na kukanyaga mazao ingawa waliombwa wasiingie.

Habari ya Biei naikumbuka kila ninapofunga begi la kamera. Mti ulio peke yake mara nyingi una mwenyewe. Kuna mtu aliyefyeka pande zote akaufikia huo, akaamua kuuacha. Picha zetu huuonyesha kana kwamba umesimama pale kwa mapenzi yake, ukapigana na upepo na jua hadi ukashinda, na yule mwenye shoka aliyeupitia pembeni haonekani popote. Kwetu Afrika Mashariki mada hii ina sura iliyochoshwa kwa kurudiwa: mgunga mmoja wa Serengeti na jua kubwa linalozama nyuma yake. Picha hiyo inauzwa kwenye kadi, vitambaa na vikombe, na kila inapouzwa inasema nchi hii ni tupu. Wamasai walioondolewa Serengeti mwaka 1959 na kupelekwa Ngorongoro wanajua ilivyokuwa tupu.

Nilitaka basi kupiga mti mmoja ambao ningeweza kumuuliza mtu kwa nini upo.

Nilikwenda kwa treni ya SGR, ambayo tangu mwaka 2024 inamfikisha abiria Dodoma kabla jua halijamchosha. Kipande ninachokipenda ni kile cha baada ya Kilosa. Reli inapita kwenye mahandaki, na ukitokea upande wa pili nchi inaanza kukauka mbele ya macho yako: vichaka vinapungua kimo, mito inakuwa mchanga mtupu, na mibuyu inaanza kujitokeza, kwanza mmoja mmoja juu ya miteremko, halafu kwa makundi. Kwa mwendo ule hakuna picha ya maana inayopigika dirishani. Nilitoa filta mfukoni nikaishika mbele ya jicho. Ni zoezi zuri. Kila kitu kinakuwa chekundu, kwa hiyo rangi inaacha kukusumbua, na unachobaki nacho ni ukubwa wa mwanga: kipi kinang'aa, kipi kimezama.

Mama aliyekaa mbele yangu na mwanawe aliniangalia kwa muda.

"Kaka, hiyo dawa ya macho?"

Nikampa mtoto ajaribu. Akaishika kwa mikono miwili, akageuka dirishani, akatangaza kwa sauti ya behewa zima kwamba kumekuwa jioni. Alikuwa amesema kweli kabisa kuhusu kazi ya filta nyekundu, na sijapata kumweleza mwanafunzi wangu yeyote kwa maneno machache namna ile.

Kesho yake nikapanda basi la Iringa. Barabara hii ni sehemu ya ile njia ndefu iliyokusudiwa kuunganisha Cape na Cairo. Wanaoikumbuka kabla ya lami wanakumbuka vumbi lililoingia hadi kwenye chakula. Sasa ni lami tupu, na basi linapita Mlowa Barabarani, Manzase, Fufu, likishuka taratibu kuelekea bonde la Ruaha Mkuu. Mibuyu ya hapa si ya kutafuta. Imejaa, mingine imeota kwa kubanana, mingine imegawana shina na kuachana juu. Kazi ngumu ni kuupata ulio mmoja. Ukidhani umeupata, unasogea hatua chache na tawi la jirani linachungulia nyuma yake. Nilishuka Fufu kwa sababu upande mmoja wa kijiji mashamba yanafunguka hadi kwenye kilima kifupi cha mawe, na kati ya barabara na kilima niliona dirishani umbo moja tu lililosimama.

Kijana wa bodaboda alinipeleka kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji. Huo ndio utaratibu, na ni utaratibu mzuri. Mgeni mwenye mashine ya miguu mitatu akionekana shambani mwa mtu, kijiji kina haki ya kudhani anapima ardhi, na kwa mkoa uliopokea makao makuu ya serikali dhana hiyo si ya kipuuzi. Mwenyekiti aliniuliza mara mbili kama nachora ramani. Nikafungua kamera, nikamwonyesha mkanda, nikamweleza. Akacheka, akasema mwenyewe wa mbuyu ni mama mmoja anayekaa nyumba za barabarani, na bila yeye hapana ruhusa.

"Mbukwenyi," nikasalimu mlangoni, kwa Kigogo changu kidogo, kisha nikaongeza shikamoo.

"Marahaba mwanangu. Karibu. Kaa kivulini."

Alikuwa anapepeta mbegu za uwele, kwa sababu hapa watu huberega, yaani husafisha shamba bila kulilima, na kupanda kabla ya mvua, mbegu ikaingojea ardhini. Nilipomwambia nimetoka Dar kuja kupiga picha mbuyu wake alinyamaza kidogo, akapepeta tena.

"Ule? Ule ni kwa baba."

Nikadhani anasema shamba lilikuwa la baba yake. Ikabidi anyanyuke, anishike mkono na kunitembeza hadi pale, ndipo nikaelewa. Chini ya mbuyu, upande wa kushoto, ardhi imeinuka kidogo, mwinuko wa goti moja hivi, mrefu na wenye kona. Mgeni angeupita bila kuuona. Ulikuwa ukuta wa tembe. Nyumba ya Wagogo hujengwa kwa miti na udongo, na paa lake tambarare hutandazwa udongo vilevile. Watu wakihama, mchwa wanakula miti, mvua inashusha udongo, na kinachobaki ni tuta. Mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma, familia zilizokuwa zimesambaa kwenye maeneo yao ziliondolewa na kukusanywa katika vijiji. Huyu mama alikuwa mtoto mdogo. Anakumbuka kubeba kuku mmoja mikononi, na anakumbuka baba yake akirudi kila jioni kuketi chini ya mbuyu kwa sababu ng'ombe walikuwa wanarudi wenyewe zizi la zamani.

"Na miti mingine, mama? Ilikuwepo?"

"Mingi. Mikambala, migunga, hapa palikuwa pori zuri. Mingine tulijengea, mingine imeenda mkaa. Huu ukate upate nini? Kuni zake haziwaki. Halafu unatulisha."

Hayo ndiyo maelezo niliyoyafuata kutoka pwani, na yalikuwa ya kawaida kuliko nilivyotarajia. Mti wa mbuyu ni laini, umejaa maji, hautoi ubao wala mkaa. Ubuyu wake unauzwa kwa debe kwa wachuuzi, unafika Dar es Salaam na Zanzibar, unatiwa sukari na rangi nyekundu na kuuzwa kwa watoto wa shule. Mbegu zinakamuliwa mafuta. Majani machanga ni mboga. Magome yanachunwa kutengenezea kamba, na mti unayaotesha upya, jambo ambalo miti mingi ingekufa ikilijaribu. Kwa hiyo pori likafyekwa kwa miaka hamsini, na kila shoka lilipofika hapa likageuka.

Nililizunguka shina nikilitazama kwa karibu, kwa kuwa picha ya mti mzima huanza kwa kujua ngozi yake. Gome lilikuwa limejikunja na kushuka kama nta iliyomwagika ikaganda. Lilipochunwa zamani palibaki mstari wa mlalo, juu yake gome la kale lenye kijivu kinachoelekea uwekundu, chini yake gome jipya, laini, lenye mng'ao. Vigingi vilipanda kutoka usawa wa kifua hadi kwenye matawi, vimepigiliwa kwa zigizaga, vya chini vimemezwa na mti hadi zikabaki ncha tu, vya juu vipya. Mizinga miwili ya gogo ilining'inia tawini. Katika picha ya rangi, nadhani vyote hivi vingepotea. Jicho lingefika pale, lingekutana na wekundu wa udongo, na lingeridhika. Bila rangi jicho halina pa kupumzika, linalazimika kupanda kigingi kwa kigingi.

Hiyo ndiyo sababu yangu ya kuendelea na mkanda wa nyeusi na nyeupe hata sasa, wakati kuupata Dar ni shida na kila mtu ana simu. Wengine wanauchukulia kama kumbukumbu ya picha za babu na bibi, zile za studio za Zanzibar na Mombasa zenye pazia la kuchora nyuma. Nazipenda picha hizo. Lakini mkanda huu kwangu ni chombo cha leo, na kwa mti unafanya kazi ambayo rangi haiwezi.

Kamera yangu ni Yashica-Mat 124G, ya lenzi mbili, moja ya kuangalia na nyingine ya kupiga. Mkanda wake ni wa 120, picha 12 za mraba. Ukiitumia huitazami mandhari uso kwa uso. Unainamisha kichwa juu ya kioo cha kamera, na mti unauona mle ndani ukiwa umegeuzwa, kushoto kumekuwa kulia. Wenye haraka hawaipendi. Mimi naamini kugeuzwa huko kunasaidia: mti unaacha kuwa mbuyu unaoujua na unakuwa umbo, uzito upande huu, nafasi wazi upande ule. Filta nayo hukaa kwenye lenzi ya chini peke yake, kwa hiyo unapoangalia huuoni wekundu wala giza la anga. Lazima uwe umeshaiona picha kichwani kabla ya kubonyeza.

Novemba jua la Dodoma hupita upande wa kusini. Nilisimama kusini mwa mti, jua la saa kumi likiwa kushoto kwangu na nyuma kidogo, ili mwanga uchape gome kwa ubavu na kila mkunjo utoe kivuli chake. Kilima kilikuwa nyuma ya mti, chini kabisa ya fremu. Filta nyekundu hula mwanga mwingi, inataka mara nane ya ule wa kawaida, na ndiyo maana stendi ya kamera si ya hiari. Mawingu yalikuwa yanapanda kutoka mashariki. Nilisubiri moja lipite nyuma ya matawi na kutoka upande wa pili, kwa sababu wingu jeupe nyuma ya tawi lenye mwanga hulimeza, na nilitaka kila tawi lisomeke juu ya giza.

Nilipiga fremu za kwanza. Mama alikuwa ameketi kwenye tuta la ukuta, ananitazama ninavyoinama na kuinuka.

"Sasa mimi nikae wapi?" akauliza.

Katika picha za aina hii mtu hatakiwi. Hiyo ni desturi yake kubwa, ndiyo inayoupa mti upweke wake, na vitabu vyote vizuri nilivyojifunzia vinaifuata. Lakini alikuwa ameketi juu ya nyumba ya baba yake. Kumwomba atoke kwenye fremu kungekuwa kumhamisha mara ya pili. Nikamwambia akae palepale alipo, au asimame akipenda, na tukaanza upya.

Kumweka mtu kunabadilisha hesabu zote. Kuelekea mwaka 1940 Ansel Adams na mwenzake Fred Archer walibuni utaratibu wa kugawa mwanga katika kanda 11, kutoka 0 ambayo ni nyeusi tii hadi X ambayo ni nyeupe ya karatasi. Kipima mwanga hakijui kinachotazama. Kinadhani kila kitu ni kijivu cha katikati, kanda V, na ni kazi ya mpiga picha kuamua kipi kiende wapi. Kitabu cha Adams kinaiweka ngozi ya Mzungu iliyo juani kwenye kanda VI, na ngozi nyeusi kwenye V. Ngozi nyeusi moja, kanda moja! Mtu aliyepiga picha harusi moja tu ya Kitanzania anajua kwamba hapo pana watu wa kanda III hadi VI kwenye benchi moja. Mama huyu ameshinda juani maisha yake yote, na weusi wake una wekundu wa ndani ambao filta yangu ingeupandisha, ukatoka kijivu kisicho chake. Nilitoa filta nyekundu nikaweka ya njano. Anga likarudi kuwa la kijivu kilichokolea, udongo ukapoteza weupe wake mkali, na uso wake nikaupima peke yake na kuuweka kwenye IV. Ile picha ya ardhi nyeupe na anga la giza niliyoisafiria ilibaki kwenye fremu za mwanzo. Hizi za pili zilikuwa nyingine, za kijivu kingi, na nilizipiga kwa moyo mmoja.

Alisimama wima, mkono mmoja kwenye kigingi. Hakutabasamu. Watu wa umri wake hawatabasamu kwa picha, na sikumwomba. Pembeni yake ndipo ukubwa wa shina ulipoonekana, maana mbuyu ukiwa peke yake kwenye fremu unaweza kuwa wa kimo chochote.

Tukirudi kwake nilimuuliza mbona sioni mibuyu michanga. Akanionyesha mbuzi kwa kidole, basi. Tunasema mbuyu ulianza kama mchicha, na mbuzi anakubaliana nasi kabisa: mche wa mbuyu akiukuta anaumaliza kama mboga. Mibuyu mikubwa ya mashambani inazeeka bila warithi. Mwaka 2018 Adrian Patrut na wenzake, ambao wamekuwa wakipima umri wa mibuyu kwa njia ya kaboni, walichapisha katika jarida la Nature Plants kwamba katika mibuyu 13 mikongwe kuliko yote wanayoijua Afrika, 9 ilikuwa imekufa au kuanguka sehemu zake za zamani zaidi katika muda wa miaka 12 hivi. Mingi ilikuwa kusini mwa bara, si Ugogo. Hata hivyo nilipoisoma nilianza kuitazama mibuyu ya barabara hii kwa haraka ambayo sikuwa nayo. Mama yeye ameotesha mche mmoja nyuma ya jiko, ameuzungushia miiba, na majani yake ni membamba, hayajagawanyika vidole vitano. Usingeambiwa ungeupita.

Jioni alinipeleka kwenye mbuyu mwingine, karibu na kisima, ambao ulikuwa umeshavaa majani na kuanza kutoa maua. Kila mbuyu una saa yake; majirani wawili wanaweza kupishana kwa wiki kadhaa. Ua hufunguka giza linapoingia, jeupe, limening'inia kichwa chini, na harufu yake si ya kupendeza pua ya mtu. Inamwita popo, ambaye ndiye mchavushaji wake mkuu. Kesho mchana limekauka na kuanguka. Hatukuwa na mwanga wa kupiga picha. Tulikaa tukihesabu yanayofunguka mpaka tukashindwa kuyaona, na yeye akanisimulia jinsi baba yake alivyokuwa akijua mwaka wa njaa kwa kuangalia maua hayo.

Kutoka Fufu niliendelea hadi Mtera, kwa kuwa huko iko ile picha ambayo kila mpiga picha wa miti angeifuata. Bwawa la Mtera lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kuhifadhi maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya Kidatu, na baadaye likawekewa mitambo yake ya megawati 80. Maji yalipopanda yaliikuta migunga imesimama, nayo imekufa imesimama. Likijaa, maji yake hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mashina ya miti iliyokufa unaona mistari ya maji, mmoja juu ya mwingine, ya miaka ya neema na ya miaka kama 2006, ukame ulipolishusha bwawa na nchi nzima ikaingia kwenye mgawo wa umeme. Pale darajani kamera hubaki ndani ya begi. Kila Mtanzania anajua kwamba mahali kama hapo hapapigwi picha. Nilivuka hadi upande wa Migoli, nikakaa na wavuvi wa perege, na asubuhi nikaweka filta nzito ya kijivu inayolazimisha lenzi ikae wazi kwa dakika nzima. Maji yanalainika yanakuwa ukungu, mti mfu unasimama katikati ya weupe, mnandi ametua juu yake.

Ni picha nzuri kwa macho. Ingeweza kuning'inizwa popote duniani, na hiyo ndiyo shida yangu nayo. Nilimuuliza mvuvi mmoja mzee mti ule ulikuwa wa nani. Akaniangalia kwa huruma kidogo: ulikuwa pori tu, na sasa ni mahali pa kufungia mtumbwi.

Nyumbani Dar es Salaam nilisafisha mkanda mwenyewe, bafuni, usiku. Dawa inataka nyuzi 20 na maji ya bomba ya Dar hayajawahi kuijua hali hiyo, kwa hiyo kuna beseni la barafu na kipimajoto, na kuna kuomba umeme usikatike barafu ikayeyuka. Dakika saba na nusu kwenye dawa, halafu maji, halafu dawa ya kukaza picha. Fremu za filta nyekundu zilitoka nilivyoziona kichwani: shamba jeupe, anga jeusi, matawi yote yakisomeka. Mafundi wenzangu wawili walizitazama wakasema hizo ndizo. Mimi nilichapisha kwa ukubwa ile ya mama. Niliichapisha tena na tena nikitafuta karatasi ionyeshe kidole chake juu ya kigingi bila kuuzamisha uso, na ilipokaa sawa nikachapisha mbili, moja yangu na moja yake, nikaongeza na moja ya mti peke yake.

Bahasha nilimkabidhi kondakta wa basi la Dodoma hadi Iringa kwa mkono wa rafiki, na namba ya mwenyekiti juu yake. Simu ilikuja jioni ya siku ilipofika. Nilisikia watu wengi nyuma yake, wanagombania kutazama.

"Mwanangu, mti nimeuona. Na mimi nimejiona, nimezeeka. Asante. Lakini umeipiga nyumba kwa nyuma. Mlango wa baba ulitazama kilima."

Nikatoa fremu zote nikazipanga mezani. Ni kweli, hakuna hata moja niliyosimama upande wa kilima, kwa kuwa Novemba upande huo wa shina uko kivulini. Mwezi Julai jua la Dodoma hupita kaskazini, na kilima kiko kaskazini. Uwele utakuwa umevunwa, mbuyu utakuwa umepukutisha majani. Nimemwambia nitakuja wakati huo, na amesema ataweka jiwe mahali kilipokuwa kizingiti ili nisikosee pa kuelekeza lenzi.